Nani Aliyeitunga?

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Kina mama, kina baba, walimu, na nyinyi vijana wa nyuma ambao najua mwataka nimalize muziki uwashwe: subirini kidogo, hamtaukosa.

Nimeombwa nizungumze juu ya wachezaji wakubwa wa dunia, wa baleti na wa tamthilia za muziki. Nadhani aliyeniomba alitarajia nije na picha za watu waliorusha mguu hadi sikioni. Picha zimo kwenye simu, azitakaye anifuate baadaye. Mimi nimekuja na swali, na naanza nalo upande ulio mwepesi. Nani hapa amjua Simba? Si wa Tsavo, yule wa sinema ya *The Lion King*. Naam, mikono yote juu, hata ya wazee. Sasa, kisa kile kilipandishwa jukwaani Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho wa New York, mwaka 1997, na hadi leo kinachezwa. Mchezaji mmoja hubeba swala watatu, mmoja kichwani na wawili mikononi, wakaruka pamoja. Nyika yenyewe hutembea, kwa sababu kila kipande cha nyasi kimo kichwani mwa mtu. Simba majike huwinda kwa kucheza. Haya, nani alizitunga densi zile?

Kimya. Alizitunga Garth Fagan, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, na mwaka 1998 akapewa Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway, kwa kazi hiyo. Majina ya wanyama wale mengi yametoka kwetu, twayatamka vizuri kuliko wao, lakini aliyewafundisha kutembea hatumjui.

Siwalaumu. Ndivyo ilivyo kila mahali. Mwimbaji twamjua, mpiga kinanda twamjua, mchezaji wa mbele twamjua kwa sura. Aliyekaa peke yake akafikiri mguu huu utangulie na ule ufuate, huyo hana jina.

Wanaonijua wajua nilikotoka. Nimecheza ngoma kwenye hoteli za Nyali na Bamburi, usiku, wageni wakila, kabla sijaanza kufundisha wanafunzi kwa ajili ya tamasha la muziki la shule. Baleti sikuisomea. Nimeitazama tu, miaka mingi, vile seremala atazamavyo mlango wa fundi mwingine: rangi haimshughulishi, anatafuta maungio yako wapi.

Basi natuende Marekani, mwaka 1943. Agnes de Mille anapewa kazi ya kutunga densi za tamthilia iitwayo *Oklahoma!*. Wakati ule densi katika michezo hiyo mara nyingi ilikuwa pambo. Mwimbaji akimaliza, wasichana hutokea kwa mstari, huinua miguu, watazamaji hupumua, halafu kisa huendelea pale kilipoachwa. De Mille hakutaka hivyo. Mwisho wa sehemu ya kwanza kuna msichana, Laurey, ambaye vijana wawili wamtaka, mmoja ampenda na mwingine amwogopa. De Mille akamlaza usingizi. Akamleta mchezaji mwingine awe Laurey wa ndotoni, na kwa kama robo saa hakuna anayesema neno. Ndoto inaanza na harusi. Inaishia yule wa kuogopwa akimuua mpenzi na kumbeba msichana kwenda naye. Yale ambayo Laurey asingethubutu kumwambia hata shangazi yake, ukumbi mzima umeyaona. Tangu hapo, mtu akileta densi Broadway aliulizwa: inasema nini?

Baada yake nitakaa kidogo na Jerome Robbins, na mniwie radhi nikirefusha, maana huyu ndiye ninayemtazama zaidi. Robbins alianza kama mchezaji wa baleti. Mwaka 1944 akatunga *Fancy Free*, baleti ya mabaharia watatu waliopewa ruhusa ya kushuka bandarini kwa usiku mmoja. Kisa hicho mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Manowari za Marekani zimetia nanga Kilindini, na waliokuwa na baa wakati ule wanakumbuka. Mwaka uleule ikazaa tamthilia ya muziki, *On the Town*. Kisha, mwaka 1957, akaja na *West Side Story*, magenge mawili ya vijana wa New York wakigombea mtaa. Na hilo pia hapa kwetu halihitaji maelezo.

Nawaomba muutazame mwanzo wake, ile dakika ya kwanza na ya pili. Vijana wanatembea. Ni kutembea tu, kwa majivuno, wakializa vidole. Mmoja ananyoosha mkono kidogo kuliko mtu anayetembea angenyoosha. Hatua inayofuata inakuwa ndefu kidogo. Mwingine anaiga. Anarudi kwenye kutembea, kana kwamba hakufanya kitu. Halafu tena, mkono, bega, hatua, na ukija kuzinduka wote wamo hewani wakicheza, na huwezi kusema ni wapi kutembea kulikoishia. Kwangu mimi huo ndio ufundi. Wengi wanaweza kutunga mruko. Wachache wanaweza kutunga njia ya kuufikia mruko bila mtazamaji kuuona mshono. Nimewaonyesha wanafunzi wangu kipande hicho, kisha nikawaambia waende wakawatazame kina mama kwenye vugo, wanapomsindikiza bwana harusi. Wanatembea kwa mwendo wa kawaida, zile pembe zinapigwa, na ukisogea karibu unakuta kutembea kumeshakuwa ngoma tangu kona ya nyuma. Nani aliyetoa ishara? Hakuna aliyeiona. Robbins aliitafuta siri hiyo kwenye chumba cha mazoezi, wiki baada ya wiki.

Alikuwa mkali, tena mkali wa kuudhi. Katika mazoezi ya tamthilia hiyo aliwatenga wachezaji wa genge moja na wa genge jingine, wasizoeane, ili uhasama uwe wa kweli. Na husimuliwa kwamba siku moja alikuwa akirudi nyuma jukwaani huku akiwafokea wachezaji, akarudi, akarudi, hadi akatumbukia kwenye shimo la okestra. Wote walimwona. Hakuna aliyefungua mdomo. Walimu wa densi mlio hapa, mnacheka, lakini mmeelewa.

Bob Fosse nitampitia upesi, ingawa najua ana wapenzi wengi. Alizaliwa Chicago mwaka 1927. Magoti yake yaliangalia ndani, nywele zilimtoka mapema, na mikono yake hakuipenda. Akatunga densi ya magoti yanayoangalia ndani, akaivisha kofia na glavu. Mwaka 1973 alipata Oscar kwa sinema, Tony kwa jukwaa na Emmy kwa televisheni, na hakuna mwelekezi mwingine aliyezipata zote tatu katika mwaka mmoja. Namheshimu kuliko ninavyompenda. Kila kidole kiko mahali pake, lakini huwa naona baridi. Na hicho kiuno kinachosifiwa, nitasema ukweli, mama yeyote wa chakacha angemwambia kaa chini kwanza, utazame.

Ninayempenda ni mkewe, Gwen Verdon. Utotoni alikuwa na matege, akivalishwa mabuti ya kunyoosha miguu, na mamake, aliyekuwa mwalimu wa densi, akamtia kwenye densi ili miguu ipate nguvu. Miguu hiyohiyo ikaja kushinda Tony nne. Fosse alipofariki, mwaka 1987, sehemu kubwa ya densi zake haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa kwenye mwili wa Verdon na wa wenzake waliozicheza. Ilipotayarishwa tamthilia ya kumkumbuka, mwaka 1999, ni yeye aliyekuwapo kusema: hapana, mkono haukuwa hapo.

Sasa baleti. Naona mama mmoja anatikisa kichwa. Yale mavazi ya kubana, sivyo? Mama, sikubishii. Yamebana kwa sababu mwalimu anataka kuona goti limenyooka au limedanganya, na kanzu huficha. Mambo ya stara kila nyumba ijipangie yake. Mimi nataka tu mwanao ajue kwamba mwanamke anayesimama kwenye ncha za vidole habebwi na kamba. Marie Taglioni alipocheza *La Sylphide* mjini Paris, mwaka 1832, densi ikiwa imetungwa na babake Filippo, viatu vyake vilikuwa vya hariri laini vilivyoongezewa nyuzi kwenye ncha. Kile kijisanduku kigumu cha kitambaa na gundi walicho nacho wachezaji wa leo hakikuwapo. Aliyemsimamisha ni misuli ya miguu na babake asiyechoka kumwambia rudia.

Lakini swali langu mwalikumbuka. Wengi wenu, hata asiyewahi kuiona baleti nzima, mmeona wale bata maji wanne, wasichana wameshikana mikono kwa kuipishanisha mbele yao, vichwa vinageuka kwa pamoja, miguu kumi na sita mtu angesema, kumbe ni minane. Hiyo ni *Swan Lake*, muziki wa Tchaikovsky, kama ilivyopangwa upya St Petersburg mwaka 1895. Ukiuliza nani aliitunga, utajibiwa Marius Petipa. Na Petipa ni mtu mkubwa kweli, Mfaransa wa Marseille aliyekwenda Urusi mwaka 1847 akaishi huko maisha yake yote na kutunga kazi ambazo baleti bado inazila hadi leo. Ila wale bata wanne si wake. Sehemu za ziwani, zile nyeupe, ambazo ndizo kila mtu huzikumbuka, zilitungwa na msaidizi wake, Lev Ivanov. Jina la mkubwa likaufunika mlango, la msaidizi likabaki uani.

Na mwajua kwa nini bado twaweza kuwaona bata hao? Kwa sababu kuna mtu aliandika. Vladimir Stepanov, mchezaji wa huko Urusi, alibuni njia ya kuandika miondoko kwa alama zinazofanana na noti za muziki, akaichapisha Paris mwaka 1892. Baleti nyingi za Petersburg ziliandikwa kwa alama zake. Mapinduzi yalipokuja, msimamizi mmoja wa baleti, Nikolai Sergeyev, aliondoka Urusi na madaftari hayo, na huko London katika miaka ya 1930 akayatumia kuwafundisha Waingereza *Giselle* na *Swan Lake*. Leo madaftari yako Chuo Kikuu cha Harvard.

Sasa linganisheni na Vaslav Nijinsky, mchezaji na mtunzi wa baleti kutoka Urusi. Tarehe 29 Mei 1913, Paris, densi aliyoitunga kwa muziki wa Stravinsky, *The Rite of Spring*, iliwaudhi watazamaji hata wakazomea na kupigana. Kelele zilizidi muziki, Nijinsky akasimama kando ya jukwaa akiwapigia wachezaji hesabu kwa sauti ya juu. Wachezaji walikuwa wamegeuza nyayo ndani, wameinama, wanakanyaga ardhi kwa vishindo. Nikiitazama nasema, jamani, hawa wangekuja Kaloleni tungewaelewa. Densi hiyo haikufikisha maonyesho kumi, ikaachwa, ikasahauliwa. Ilichukua hadi mwaka 1987 ndipo mtafiti Millicent Hodson, baada ya miaka ya kuokota michoro, barua na kumbukumbu za wazee, akaisimamisha tena na kundi la Joffrey Ballet. Miaka sabini na kitu, kwa sababu haikuwa na daftari.

Kuna kutoandikwa kwa kusahau, na kuna kutoandikwa kwa kusudi. Katherine Dunham, Mmarekani mweusi, alisomea elimu ya jamii na mila Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1935 akaenda Karibi, Haiti na kwingineko, kuzisoma ngoma za watu waliotoka Afrika. Hakwenda kuzitazama tu, alizicheza mpaka zikamkaa mwilini. Mwaka 1940 kwenye tamthilia ya *Cabin in the Sky* alifanya kazi ya densi pamoja na George Balanchine, mtunzi mashuhuri wa baleti, lakini jina lililopewa utungaji ni la Balanchine. Leo wanahistoria wanaliandika la Dunham kando yake.

Huyo Balanchine simchukii, msinielewe vibaya. Mwaka 1957 ni yeye aliyetunga *Agon* na kumpa Arthur Mitchell, kijana mweusi wa Harlem, acheze na Diana Adams, mwanamke mweupe, wakishikana na kupindana mbele ya Wamarekani wa wakati ule. Ilihitaji moyo, wa Mitchell kuliko wa wote. Martin Luther King alipouawa, mwaka 1968, Mitchell akaamua kurudi mtaani kwao kufundisha watoto, na mwaka uliofuata likazaliwa kundi la Dance Theatre of Harlem. Watu wanasifu miruko ya kundi hilo. Mimi nasifu soksi. Katika baleti soksi na viatu vilikuwa vya rangi ya waridi, ili mstari wa mguu uonekane umeendelea bila kukatika. Lakini ulikuwa mguu wa nani? Kwenye miaka ya 1970 Mitchell akaamuru kila mchezaji avae soksi na viatu vya rangi ya ngozi yake mwenyewe. Viatu vya rangi hizo havikuwa madukani. Walivipaka kwa mikono. Kampuni ya Freed ya London, inayowashonea wachezaji wengi wa dunia, ilianza kuuza viatu vya kahawia mwaka 2018. Ndiyo, 2018, jana hii.

Na msidhani haya yako mbali. Joel Kioko, mtoto wa Kuwinda, Nairobi, alijifunza baleti hapahapa Kenya, akafika hadi shule ya English National Ballet, London.

Turudi kwetu sasa. Mtaniambia: mwalimu, hao ni watu wa majukwaa na tiketi, ngoma zetu ni za jadi, hazina mtunzi, ni mali ya wote. Nimelisikia jambo hili mara nyingi na silikubali lote. Sengenya ni ya Wadigo, gonda ni ya Wagiriama, sawa, hakuna atakayesema mimi ndiye niliyeiumba. Lakini ni nani aliyeamua mstari ugeuke pale, chapuo inyamaze, msondo ubaki peke yake, wachezaji wakae chini mapigo manne? Huyo ni mtu, ana nyumba, ana jina. Vyama vya lelemama vya kina mama wa Mombasa vilikuwa vikishindana, na vikundi vya ngoma ya beni, Kingi na Skochi, vilikuwa vikishindana, na mashindano hayashindwi kwa kurudia ya mwaka jana. Kila mara kulikuwa na mtu aliyeleta jipya. Waulizeni bibi zenu leo, kabla ya kesho.

Wimbo wa *Jambo Bwana*, uliopigwa kwenye kila hoteli ya pwani hii, twajua ni wa Teddy Kalanda na wenzake wa Them Mushrooms. Sasa densi tulizokuwa tukizicheza mbele ya wageni haohao zilitungwa na mama mmoja wa Rabai. Alichukua mapigo ya kayamba, akapunguza hapa, akaongeza hapa, ili kitu cha usiku kucha kiingie katika muda wa mgeni kula samaki wake. Hoteli moja, siitaji, ilirekodi onyesho lote na kuuza kanda dukani kwake. Juu ya kanda paliandikwa jina la hoteli na maneno "ngoma za kienyeji". (Ukumbini nilimtaja mama huyo kwa jina lake kamili, wanawe wakiwapo, na watu wakasimama kumpigia makofi. Hapa silitii kwa kuwa wanawe wameniomba lisiwekwe mtandaoni, na hiyo ni haki yao.)

Kuandika densi si lazima tujue alama za Stepanov. Marekani, mwaka 1952, Hanya Holm aliandikisha hakimiliki ya densi zake za *Kiss Me, Kate*, na alizipeleka zikiwa zimeandikwa kwa mfumo wa Rudolf Laban, alama juu ya karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza densi kukubaliwa hivyo huko. Sisi tuna simu. Mshika simu mmoja asimame mbele, mwingine ubavuni, mchezaji acheze polepole akitaja hesabu, na mwanzoni mtu aseme kwa sauti: mimi fulani, nimeitunga hii, sehemu hii nimefunzwa na fulani wa mahali fulani. Hiyo ya mwisho msiiruke. Ni hapo watoto wetu wengi wataona aibu, kwa kuwa walichokiita chao walikiokota kwenye video ya mwenzao, tena bila kuaga.

Jambo la mwisho ni la kazi. Onyesho letu la mwezi ujao lina karatasi ya ratiba, na mwaka huu nimemwambia katibu aongeze mstari chini ya kila ngoma: imetungwa na, imepangwa upya na, imefunzwa na. Mkitumia hatua za Robbins au za Fagan, jina lake liingie. Mkitumia za nyanya yako, la nyanya yako liingie, na kwa herufi zilezile, zisiwe ndogo. Kikundi kitakachoacha mstari huo wazi hakitapanda, na kiongozi asinijie usiku na maneno matamu. Fomu ziko kwa katibu pale mlangoni. Kalamu ni mbili tu, kwa hivyo mpeane. Haya, DJ, washa.